Msafiri Mwenye Kamera na Mlango wa Ukaguzi

Ndugu msomaji, kila mwisho wa juma katika viwanja vyetu vya ndege wako abiria ambao utawatambua kwa jinsi wanavyobeba mfuko mmoja. Masanduku yao mengine wanayaburuta na kuyatupa juu ya mkanda bila kujali, lakini mfuko ule mmoja mweusi wameukumbatia kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Hao ni wapiga picha. Mmoja anakwenda Mwanza kwa kazi ya harusi, mwingine Mtwara kwa kazi ya gazeti, na wa tatu anapitia Dubai au Addis Ababa kwenda kurekodi mkutano ng'ambo.

Ndani ya mfuko ule hamna pambo. Mna mtaji. Kamera moja ya kazi na lenzi zake mbili huweza kuzidi thamani ya kiwanja pembezoni mwa mji, na mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo wa kikundi ambao marejesho yake hayangoji. Kamera hiyo ikivunjika, au betri zake zikabaki mlangoni, bwana harusi na bibi harusi hawataahirisha ndoa yao mpaka wiki ijayo. Kazi imekwenda, na jina la mpiga picha limekwenda nayo.

Upande wa pili wa mkanda amesimama mkaguzi. Naye ana mzigo wake: roho za watu wote watakaopanda ndege ile. Watu hawa wawili hukutana kila siku, na mara nyingi huachana kwa manung'uniko. Mpiga picha huona ananyanyaswa, na mkaguzi huona anadharauliwa. Madhumuni ya mazungumzo ya juma hili ni kueleza yale yanayotendeka katika mlango ule, kwa nini yanatendeka, na jinsi mwenye kamera anavyoweza kupita salama, yeye na mali yake.

Tuanze na swali ambalo wengi hulitamka kwa hasira: kwa nini kamera zetu zinatiliwa shaka? Jibu limo katika historia. Tarehe 23 Juni, 1985, ndege ya shirika la Air India ililipuka karibu na pwani ya Ireland na watu wote 329 waliokuwamo wakafa. Bomu lilikuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakupanda ndege. Tarehe 21 Desemba, 1988, ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie huko Scotland, wakafa watu 270, wakiwamo 11 waliokuwa majumbani mwao. Safari hiyo bomu lilifichwa ndani ya redio kaseti. Tangu hapo chombo chochote chenye nyaya, betri na ganda la plastiki hakikuwa tena chombo tu machoni pa mkaguzi.

Kamera nayo ina historia yake mbaya. Tarehe 9 Septemba, 2001, siku mbili kabla ya mashambulizi ya Marekani, kamanda Ahmad Shah Massoud wa Afghanistan aliuawa na watu wawili waliojifanya waandishi wa habari. Baruti waliyotumia waliificha katika vifaa vya kupigia picha. Kwa hiyo mkaguzi anapomwomba mwandishi wa habari aiwashe kamera yake ili aone kama kweli inafanya kazi, hafanyi dharau. Anakumbuka.

Kisha tarehe 10 Agosti, 2006, polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamegundua njama ya kulipua ndege kwa kutumia vimiminika. Kwa siku kadhaa abiria waliotoka Uingereza hawakuruhusiwa kuingia na kamera ndani ya ndege. Zote zilipelekwa katika tumbo la ndege. Mwezi Machi, 2017, Marekani nayo iliwakataza abiria kutoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika ya Kaskazini kukaa na chombo chochote cha umeme kikubwa kuliko simu ya mkononi. Kamera zilikuwa katika orodha. Dubai, Abu Dhabi na Doha zilikuwa miongoni mwa viwanja hivyo, na huko ndiko wasafiri wetu wengi wanakopitia. Amri hiyo iliondolewa ilipofika Julai mwaka huo huo. Nayasema haya ili msomaji aelewe jambo moja: sheria za mlango ule hazikuandikwa siku moja, na huweza kubadilika kati ya safari ya kwenda na ya kurudi.

Sasa tuingie ndani ya mashine yenyewe. Mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege hutoa miale inayopenya begi na kupokelewa upande wa pili. Kitu kizito huizuia miale mingi, kitu chepesi huiachia. Kompyuta hupima tofauti hiyo na kuipaka rangi. Kwa kawaida vitu vyenye asili ya mimea na wanyama, kama chakula, nguo, karatasi na sabuni, huonekana kwa rangi ya machungwa. Baruti nyingi nazo huangukia katika rangi hiyo hiyo. Vyuma vizito huonekana kwa rangi ya buluu, na vitu vya katikati, kama alumini, huonekana kwa kijani. Mahali ambapo miale imeshindwa kabisa kupenya huwa peusi.

Fikiria basi mfuko wa mpiga picha unavyoonekana katika kioo kile. Lenzi ni vioo vizito ndani ya mirija ya chuma. Kamera ni chuma juu ya saketi. Betri sita zimepangwa pamoja, chaja iko juu yake, na nyaya zimezunguka kila kitu mithili ya mizizi ya mkoko. Mkaguzi haoni kamera. Anaona bonge jeusi lenye nyaya. Hajui nyuma ya bonge hilo kuna nini, na kazi yake haimruhusu kukisia. Lazima afungue.

Kutokana na hayo utaona kwamba nusu ya usumbufu wa mlangoni huanzia nyumbani, wakati wa kupanga mfuko. Lenzi zilazwe kando kwa kando, zisirundikwe moja juu ya nyingine. Betri zikae katika kifuko chao. Nyaya zikunjwe na kufungwa, zitiwe katika mfuko unaoonyesha, kando ya kamera. Ukifika kwenye mkanda, toa kamera kubwa uiweke katika trei yake peke yake kama kompyuta inavyowekwa, isipokuwa ukiambiwa uiache ndani. Katika viwanja vyenye mashine mpya huambiwa usitoe kitu, na hapo fanya hivyo hivyo unavyoagizwa.

Wakati mwingine mkaguzi hupitisha kitambaa kidogo juu ya kamera na mikono yako, kisha akakitia ndani ya kijisanduku. Kitambaa hicho hutafuta chembechembe za baruti. Mashine hiyo ina pua kali mno. Mbolea ya shambani, au mafuta ya kujipaka yenye gliserini, huweza kuifanya ipige kelele. Ikikupata, usitaharuki wala kupandisha sauti. Utakaguliwa upya, utaulizwa maswali, utaendelea na safari. Ukitoka kupiga picha shambani, ufute mfuko wako kwa kitambaa chenye maji kabla ya kwenda uwanjani.

Je, eksirei inaharibu picha? Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu lake linategemea picha hizo zimehifadhiwa katika nini. Kadi ya kumbukumbu ya kamera za kisasa haidhuriki. Ipitishe mara kumi, picha zitakuwa zile zile. Sisi wa redio tuliotembea na kanda za kaseti tulikuwa na hofu ya aina hiyo hiyo, lakini adui wa kanda ni sumaku, siyo miale ya eksirei.

Filamu ni habari nyingine, na usidhani filamu imekufa. Vijana wa mijini wameirudia, na kamera zinazotoa picha papo hapo zimejaa katika sherehe zetu. Filamu ambayo haijasafishwa ina chembe za fedha zinazosubiri mwanga, na miale ya eksirei kwa chembe hizo ni kama mwanga. Ikipigwa na miale mingi hupata ukungu, weusi wa picha ukawa kijivu, na pengine ikatokea michirizi kama mawimbi. Filamu iliyokwisha kusafishwa haina la kuhofia.

Kwa mashine za zamani za mizigo ya mkononi, filamu ya kawaida, yaani ya ISO 100, 200 au 400, hustahimili kupita mara chache. Yenye kasi ya ISO 800 na zaidi ndiyo iliyokuwa ikiombewa ukaguzi wa mkono, na karatasi za kamera za papo hapo za Instax ni za ISO 800. Lakini madhara hujumlishwa. Mlango wa kwanza huongeza kidogo, wa pili kidogo. Sasa hesabu milango ya safari zetu. Katika viwanja vikubwa vya Afrika Mashariki mzigo hupita mashine unapoingia jengoni, ukapita tena kabla ya kupanda ndege. Ukibadili ndege njiani huongezeka mlango mwingine. Kwenda na kurudi, filamu moja huweza kupigwa miale mara sita au zaidi.

Zaidi ya hayo, viwanja vingi vya Ulaya, Marekani na Asia vimeanza kutumia mashine za mizigo ya mkononi zinazofanya kazi kwa namna ya siti-skani, ile tunayoisikia hospitalini. Mashine hii huuzungukia mzigo kwa miale na kuutengeneza upya katika kompyuta pande zote. Kwa mkaguzi ni neema, lakini kwa filamu ni msiba. Kampuni ya Kodak Alaris imeonya kwamba kupita mara moja tu katika mashine hiyo kunatosha kuitia filamu ukungu unaoonekana. Mashine za mizigo inayokwenda katika tumbo la ndege nazo zina miale mikali, kwa hiyo filamu isiyosafishwa isitiwe kamwe katika sanduku la kukabidhi.

La kufanya ni hili. Toa filamu zote katika makasha yake ya karatasi, uzitie katika mfuko mwepesi unaoonyesha, uzishike mkononi, na umwombe mkaguzi kwa upole azikague kwa mkono. Nchini Marekani kanuni zinampa abiria haki ya kuomba hivyo. Katika nchi nyingine nyingi ni hiari ya mkaguzi, na hiari huombwa kwa heshima, haidaiwi kwa kelele. Usisafiri na filamu ndani ya kamera, kwa kuwa mkaguzi akitaka kuifungua kamera hiyo umepoteza yote. Na wale wanaonunua mifuko ya risasi ya kukinga miale wajue kwamba katika kioo mfuko huo huonekana mweusi tititi, na weusi ndio unaomfanya mkaguzi aufungue. Ukiweza, safisha filamu huko huko ulikopigia picha, urudi na picha zilizo salama.

Naomba sasa nije kwenye jambo ambalo kwalo sina mzaha hata kidogo, nalo ni betri. Betri za kamera, za simu, za droni na za pawabenki ni za lithiamu. Zina nguvu nyingi katika umbo dogo. Ikigongwa, ikipinda, au ncha zake zikigusana na funguo au sarafu, betri hiyo huweza kupata moto wenyewe. Moto huo hujizalishia joto. Gesi ya kuzimia moto iliyomo katika tumbo la ndege huweza kuua ndimi za moto, lakini haiwezi kuizuia betri moja kuichemsha jirani yake.

Tarehe 3 Septemba, 2010, ndege ya mizigo ya shirika la UPS iliondoka Dubai ikiwa na shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Moto ulizuka, moshi ukajaa katika chumba cha marubani, ndege ikaanguka, na marubani wote wawili wakafa. Tarehe 28 Januari, 2025, ndege ya Air Busan iliwaka moto uwanjani huko Korea Kusini kabla haijaruka. Moto ulianzia katika kabati la mizigo juu ya viti, na wachunguzi walisema chanzo kinachoelekea zaidi ni pawabenki. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai. Kama ingekuwa angani, sijui tungesema nini leo.

Ndiyo maana kanuni ya kimataifa inasema hivi: betri za akiba na pawabenki zikae na abiria ndani ya ndege, zisiingie kabisa katika mzigo wa kukabidhi. Wengi hudhani ni kinyume, kwamba kitu cha hatari kiwekwe mbali na watu. La hasha. Kinawekwa karibu ili kikianza kutoa moshi kionekane, na wahudumu wakimwagie maji mara moja. Kule tumboni hakuna wa kukiona.

Kipimo cha betri ni wati-saa, ambacho huandikwa Wh ubavuni mwake. Isiyozidi 100 hairuhitaji kibali. Inayozidi 100 lakini haijapita 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Inayozidi 160 haipandi ndege ya abiria mikononi mwa msafiri. Kama kipimo hicho hakikuandikwa, hesabu yake ni nyepesi. Chukua mAh, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti. Betri ya kamera ndogo ya volti 7.2 na mAh 2,000 ni wati-saa 14.4, haina tatizo. Betri kubwa ya kamera ya video ya volti 14.4 na mAh 6,800 ni karibu 98, inapita kwa kuponea chupuchupu. Ya volti hizo hizo lakini mAh 10,000 ni 144, kaombe idhini kabla ya siku ya safari. Pawabenki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74. Ile ya mAh 30,000 ni 111, imekwisha vuka mpaka.

Kila betri ya akiba iwe na kifuniko chake, au ncha zake zizibwe kwa utepe wa kunata. Iliyovimba usisafiri nayo. Ambayo maandishi yake yamefutika, mkaguzi ana sababu ya kuikataa. Mashirika nayo huongeza masharti yake. Kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba, 2025, Emirates humruhusu abiria kuwa na pawabenki moja tu isiyozidi wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kufunga mfuko.

Uko mtego mmoja ambao huwanasa hata wazoefu. Umefika mlango wa kupandia, ndege imejaa, na mhudumu anasema mfuko wako uende chini. Hapo usiukabidhi kabla ya kutoa betri zote za akiba, na kadi zenye picha pia. Mwambie mhudumu waziwazi: "Dada, humu mna betri za lithiamu, naomba nizitoe kwanza." Hakuna mhudumu aliyefundwa kazi yake atakayekataa. Kwa sababu hiyo, betri na kadi ziwe katika kifuko kidogo kimoja kinachochomoka kwa mkono mmoja.

Kuhusu uzito, mashirika mengi humpa abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mkononi, na mfuko wa mpiga picha hufika hapo kabla hujaweka hata mswaki. Kamera na lenzi unayoitegemea zaidi zikae nawe. Chaja, stendi na nyaya huweza kwenda chini zikiwa zimefungwa ndani ya nguo. Kwa ndege ndogo ziendazo mbugani na visiwani, posho iliyozoeleka ni kilo 15 kwa jumla, tena katika mifuko laini, maana sanduku gumu halikunjiki katika vitundu vyake. Uzito ukizidi, zungumza na ofisi ya shirika mapema. Rubani wa ndege ya watu 12 hapimi mizigo ili kukukomoa, anapima ili ndege iruke.

Stendi ya kamera mkaguzi mmoja huiona chombo cha kazi, mwingine rungu la chuma, kwa hiyo iweke chini. Visu vya kukunja na bisibisi navyo viende chini. Maji ya kusafishia lenzi yawe katika kichupa kisichozidi mililita 100, kwani kipimo hicho bado kinafuatwa katika viwanja vingi. Makopo ya hewa ya kupulizia vumbi yaache nyumbani, yana gesi iliyoshindiliwa. Pampu ndogo ya mpira hufanya kazi ile ile.

Droni ina mlango wake wa pekee. Hapa Tanzania, na Kenya pia, huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Moroko na Misri ni wakali zaidi. Anayeifika forodha bila kibali huiacha hapo, na asishangae.

Nimetaja forodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika orodha ya vifaa vyako vyote pamoja na namba zilizochorwa juu yake, chukua na nakala za stakabadhi za kununulia. Kabla ya kutoka nchini pita katika dawati la forodha, uwaonyeshe, uombe uthibitisho wa maandishi. Ukirudi na kamera tatu, yeyote anaweza kukuuliza kama umezinunua huko na kama umelipia ushuru. Karatasi ile itakujibia. Anayekwenda nchi nyingine kwa kazi ya habari au filamu aulize ubalozi wake mapema juu ya vibali vya kuingiza vifaa kwa muda.

Je, vikivunjika au kupotea? Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala safari nyingi za kimataifa, umeweka kikomo cha fidia ya mizigo ya abiria mmoja. Tangu tarehe 28 Desemba, 2024, kikomo hicho ni haki maalumu 1,519 za fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa, takribani dola 2,000 za Marekani. Kiasi hicho ni kwa mizigo yako yote kwa pamoja, na lenzi moja nzuri hukimaliza. Mzigo ulioharibika ulalamikie kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Uliochelewa ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Usiondoke uwanjani bila kuandikisha taarifa, hata kama ndugu waliokuja kukupokea wanapiga honi. Mwenye mali kubwa aikatie bima.

Lipo pia suala la yaliyomo ndani ya kadi. Mwandishi wa habari hubeba sura na sauti za watu waliomwamini. Kazi ya mkaguzi wa usalama ni kuhakikisha kamera si bomu. Kusoma habari zilizomo siyo kazi ya mlango ule. Hata hivyo, kuna nchi ambako maofisa wengine huweza kutaka kuziona. Mwenye busara hutunza nakala mahali pengine kabla ya kufika uwanjani, na hatembei na sura ya mtu ambaye angedhurika ikionekana. Vilevile, usipige picha mlango wa ukaguzi, maofisa wala mashine zao. Wengi wamechelewa ndege kwa picha moja ya kumbukumbu.

Nimewaeleza wenye kamera wajibu wao. Haki inanitaka nigeuke upande wa pili. Wakaguzi wetu wengi hufanya kazi ngumu kwa uangalifu, lakini yako mambo yanayoweza kurekebishwa bila gharama kubwa. La kwanza ni lugha. Kanuni za betri zibandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, tangu mlango wa kuingilia, na hesabu ya wati-saa ionyeshwe kwa mfano. Abiria asigundue sharti wakati betri imekwisha tupwa katika pipa. La pili ni meza. Kamera ikifunguliwa, ifunguliwe juu ya meza safi mbele ya mwenyewe, na ikiwezekana mwenyewe ndiye aitoe lenzi. Kidole kimoja juu ya kioo cha ndani ya kamera huweza kugharimu mshahara wa mwezi. La tatu ni maelezo. Mkaguzi anapokataa kitu, aseme ni kwa kanuni ipi. Amri isiyo na sababu huzaa ubishi, na ubishi huzaa foleni.

Nao wapiga picha wawafikie wenye viwanja kupitia vyama vyao, wakae meza moja, waonyeshane vifaa na mashine. Mkaguzi aliyewahi kushika betri ya video na kusomewa maandishi yake hataigeuza geuza kwa woga siku ya safari. Na mpiga picha aliyewahi kuonyeshwa mfuko wake ukiwa bonge jeusi katika kioo ataupanga upya siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na safari, fungua mfuko wako usiku wa kuamkia siku hiyo. Toa betri, soma maandishi yake, ziba ncha. Weka filamu kando. Andika namba. Fika uwanjani saa moja kabla ya muda uliouzoea, kwa kuwa anayeombwa kufungua mfuko huku jina lake likiitwa kwa kipaza sauti hukubali lolote, na anayefungua mfuko wa mwenye haraka huvunja. Kuuliza si ujinga, na simu moja kwa ofisi ya shirika la ndege ni nafuu kuliko betri moja iliyoachwa mlangoni.